Siku kumi za Yeremia: nafsi ya nabii katika dini ya Waebrania wa kale

Wakuu, naomba nifungue uzi huu kwa kisa ambacho wasomaji wengi wa Biblia hukipita mbio. Kimo katika sura ya 42 ya kitabu cha Yeremia. Mji wa Yerusalemu umekwisha kuanguka, hekalu limeteketezwa, na Gedalia, liwali aliyewekwa na Wababeli kuwasimamia watu waliobaki, ameuawa na Ishmaeli mwana wa Nethania. Walionusurika wamepiga kambi karibu na Bethlehemu, roho juu juu, wakiamini kwamba jeshi la Babeli halitakawia kuja kulipiza kisasi, na mioyoni mwao safari ya Misri wameshaianza. Makamanda wao wanamwendea Yeremia na kumsihi awaulizie kwa Mungu njia ya kufuata. Nabii anakubali, kisha anakaa kimya. Siku zinapita, wanawake na watoto wamo kambini, adui anaweza kutokea wakati wowote, na mtu anayetegemewa na wote hana la kusema. Neno la Bwana lilimjia baada ya siku kumi.

Naomba tuutazame ukimya huo kwa makini, kwa sababu kwangu mimi ndio ushahidi mzito kuliko wote tulio nao kuhusu yale yaliyokuwa yakitendeka ndani ya nafsi ya nabii wa Kiebrania. Maoni ya Yeremia juu ya suala lile yalijulikana na kila mtu. Kwa miaka mingi alikuwa amehubiri kwamba Yuda ikubali kuwa chini ya Babeli na isiitumainie Misri, na kwa ajili ya msimamo huo alifungwa gerezani na kushushwa kwa kamba katika shimo lenye matope. Angeweza kuwajibu papo hapo, na jibu lake lingekuwa lile lile alilolitoa siku ya kumi: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Alichokisubiri, basi, hakikuwa maoni, kwa kuwa maoni alikuwa nayo tele. Alisubiri kitu ambacho yeye mwenyewe alijua kukitenga na mawazo yake, na ambacho hakuwa na uwezo wa kukiita kije kwa saa aitakayo.

Kisa hakiishii hapo. Alipowaletea jibu, Azaria na Yohanani walimwambia usoni kwamba anasema uongo, na wakaongeza sababu: Baruku mwana wa Neria, mwandishi wake, ndiye anayemchochea. Maelezo hayo ni ya kisaikolojia kabisa. Waliona kwamba sauti anayoiita ya Mungu ni ushawishi wa rafiki wa karibu uliovaa joho la unabii. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba watu wa kale walimwamini kila aliyesema "Bwana asema hivi" wanawakosea haki watu wale. Walikuwa na mashaka, walikuwa na nadharia zao kuhusu akili ya binadamu, na walizitumia.

Hoja nitakayoitetea katika uzi huu ni hii: alama kuu ya kisaikolojia ya manabii wakubwa wa Israeli ni uwezo wao wa kulipambanua neno walilopokea na matakwa ya mioyo yao, hata pale miili yao ilipotetemeka na macho yao yalipoona yasiyoonekana na wengine. Msisimko wa roho ulikuwepo, na sitaukana. Lakini msisimko huo walikuwa nao pia manabii wa Baali, na makuhani wa nchi jirani, na watu ambao Yeremia mwenyewe aliwaita waongo. Tofauti lazima itafutwe mahali pengine.

INAENDELEA: wazimu, na watu waliojua kuutambua

Tuanze na shutuma ya wazimu, kwa sababu huletwa siku hizi kana kwamba ni ugunduzi mpya. Fungueni 2 Wafalme 9. Elisha anamtuma kijana mmoja wa manabii kwenda Ramoth-Gileadi na chupa ya mafuta. Kijana anamkuta Yehu ameketi pamoja na makamanda wenzake, anamwita chumba cha ndani, anamwagia mafuta kichwani, anamtangaza kuwa mfalme wa Israeli, kisha anafungua mlango na kutimua mbio, kama alivyoagizwa. Yehu anaporudi kwa wenzake, wanamuuliza mwenda wazimu yule alimwendea kwa shida gani. Yehu anajaribu kulipuuza jambo, anasema wao wenyewe wanamjua mtu yule na maneno yake. Wanamwambia ni uongo, awaeleze. Anapowaeleza, wale wale waliomwita kijana mwenda wazimu wanavua mavazi yao upesi, wanayatandika chini yake juu ya ngazi, wanapiga tarumbeta na kutangaza kwamba Yehu anamiliki. Dharau na utii vilikaa katika kifua kimoja, na hapakupita hata saa moja kati ya kimoja na kingine.

Hosea naye anataja kwamba watu walimwona nabii kuwa mpumbavu na mtu wa roho kuwa mwenye wazimu. Shemaya Mnehelami, aliyekuwa uhamishoni Babeli, aliandika barua Yerusalemu kumlaumu kuhani Sefania kwa nini hajamtia Yeremia katika mkatale, kwa kuwa kazi ya msimamizi wa hekalu ni kumdhibiti kila mwenye wazimu ajifanyaye nabii. Barua hiyo inatuonyesha kwamba hekalu lilikuwa na utaratibu rasmi wa kushughulika na watu wa namna hiyo, na utaratibu hauundwi kwa ajili ya tukio la mara moja. Jamii ile iliona kufanana kati ya nabii na mgonjwa wa akili, ikajua kwamba kufanana si kuwa kitu kimoja, na ikalazimika kuamua kila mara nani ni nani.

INAENDELEA: makundi ya manabii na kinanda cha Elisha

Aina ya zamani zaidi ya unabii tunayoiona waziwazi ni ile ya makundi. Katika 1 Samweli 10, Sauli anakutana na kundi la manabii wakishuka kutoka mahali pa juu, mbele yao pana kinanda, tari, filimbi na kinubi, nao wanatabiri. Roho inamjia, anageuka kuwa mtu mwingine, na wanaomfahamu tangu zamani wanaulizana: "Je! Sauli naye yumo miongoni mwa manabii?" Katika sura ya 19 hali inakuwa nzito zaidi. Sauli anatuma wajumbe kumkamata Daudi, wajumbe wanalifikia kundi la manabii linaloongozwa na Samweli, nao wanaanza kutabiri. Anatuma wengine, inakuwa vivyo hivyo. Anatuma kundi la tatu, hali ni ile ile. Mwishowe anakwenda mwenyewe, anavua nguo zake, anatabiri mbele ya Samweli, na kulala uchi mchana kutwa na usiku kucha.

Wataalamu wa saikolojia ya makundi wataitambua hali hii mara moja: muziki, mwendo wa pamoja, na kuambukizana kwa msisimko kunakomzidi nguvu hata aliyekuja kwa nia mbaya. Kwa sisi tuliokulia ukanda wa pwani, tuliowahi kuona watu wakipandisha pepo katika ngoma za usiku, maelezo hayo hayana ugeni wowote. Wala hayakuwa ya Waebrania peke yao. Barua za mji wa Mari ulioko kwenye mto Frati, za karne ya 18 K.K., zilizoanza kuchimbuliwa na Wafaransa mwaka 1933, zinataja wapagawa wa mungu Dagani, na mmoja wao alikula mwanakondoo mbichi mbele ya wazee langoni mwa mji kabla ya kutangaza tauni. Maofisa wa Zimri-Limu, mfalme wa Mari, waliziripoti kauli za watu kama hao, na mara nyingi waliambatanisha unywele wa mtabiri na upindo wa vazi lake ili ukweli wa kauli upimwe kwa njia nyingine ya uaguzi. Masimulizi ya Wenamuni, mjumbe wa Kimisri aliyekwenda mji wa Bibulo karibu na mwaka 1075 K.K., nayo yanamtaja kijana aliyepagawa wakati wa kutoa kafara na kusema kwa niaba ya mungu. Israeli ilizaliwa katika ulimwengu ambao tayari ulijua unabii.

Sasa tuje kwa Elisha, kwa sababu hapa wasomi wengi wamekwenda haraka mno. Katika 2 Wafalme 3, wafalme watatu wamekwama jangwani bila maji wakiwa njiani kuishambulia Moabu. Wanamwendea Elisha. Elisha anaomba aletewe mpiga kinanda, na mpigaji anapopiga, mkono wa Bwana unamjia. Maelezo ya kawaida ni kwamba muziki ulimpandisha, kama ulivyolipandisha kundi la Gibea. Lakini someni aya zinazotangulia. Elisha amekasirika. Amemwambia mfalme wa Israeli aende kwa manabii wa baba yake na wa mama yake, yaani Ahabu na Yezebeli, na ameapa kwamba kama si kwa heshima ya Yehoshafati wa Yuda asingemtazama hata kwa jicho. Baada ya ghadhabu hiyo ndipo anapoomba kinanda. Marabi wa Talmudi, yaani mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi wa kale, waliliona hilo, wakafundisha kwamba uwepo wa Mungu haukai juu ya mtu aliye katika huzuni, na kwamba nabii mwenye hasira hunyang'anywa unabii wake. Maimonides, aliyekuwa tabibu pamoja na kuwa mwanafalsafa, aliyefariki mwaka 1204 huko Misri, akalijengea jambo hilo nadharia kamili: unabii hupita katika akili na kuishia katika uwezo wa kuwaza kwa picha, na kwa kuwa uwezo huo ni wa mwili, huzuni na hasira huudhoofisha, ndiyo maana, kwa mujibu wake, Yakobo hakupata ufunuo katika miaka yote aliyomlilia Yusufu.

Mimi naona marabi wameusoma ukurasa huo vizuri kuliko wanasaikolojia wengi wa karne ya 20. Kinanda cha Elisha kilikuja kutuliza, na mtu anayejua kwamba hasira yake inaweza kuziba sikio lake ni mtu anayeijua nafsi yake.

INAENDELEA: kumbukumbu, na "mimi" asiyepotea

Ndugu mmoja hapo juu ameuliza kama basi hakuna tofauti kati ya nabii na mtu aliyepandwa na pepo. Swali ni zuri na linastahili jibu refu.

Katika upagawa wa kawaida, anayesema ni pepo. Mwenye mwili anaondoka, sauti inabadilika, na akizinduka mara nyingi hudai hakumbuki lolote. Philo wa Aleksandria, Myahudi wa karne ya kwanza aliyelelewa katika falsafa ya Kiyunani, alidhani manabii walikuwa hivyo: akili ya binadamu inatua kama jua ili roho ya Mungu ichomoze. Maandiko yenyewe hayamuungi mkono. Tazameni Ezekieli sura ya 8 hadi 11. Ni mwaka 592 K.K., Ezekieli ameketi nyumbani kwake uhamishoni, na wazee wa Yuda wameketi mbele yake. Mkono wa Bwana unamwangukia, anahisi ameshikwa kwa kishungi cha nywele na kuinuliwa kati ya dunia na mbingu mpaka Yerusalemu, anaona machukizo hekaluni, anatoboa ukuta, anaona watu ishirini na watano wakiliabudu jua. Katikati ya maono Pelatia mwana wa Benaya anakufa, na Ezekieli anaanguka kifudifudi akilia kwa sauti kuu na kumuuliza Mungu kama atawakomesha kabisa mabaki ya Israeli. Maono yanapokwisha, anawaeleza wahamishwa mambo yote aliyoonyeshwa.

Hapa kuna mambo mawili ambayo hayapo katika upagawa. La kwanza ni kumbukumbu: anarudi na kusimulia, kwa tarehe na majina. La pili ni kwamba ndani ya maono yenyewe mtu yule bado ni yule yule. Anashtuka, anahuzunika, anahoji. Amosi naye anaonyeshwa nzige wanaoila nchi, na badala ya kupokea kimya anaingilia kati: Bwana asamehe, Yakobo atasimamaje naye ni mdogo? Mungu anaghairi. Anaonyeshwa moto, anaomba tena, na Mungu anaghairi tena. Isaya hekaluni, mwaka aliokufa mfalme Uzia, anajitambua kuwa mtu wa midomo michafu, na anapolisikia swali la nani atumwe, anajibu kwa hiari yake. Yeremia anajitetea kwamba yeye ni mtoto na hajui kusema. Katika visa vyote hivi kuna pande mbili zinazozungumza, na upande wa binadamu haufutiki.

Mtu anaweza kuuliza: mbona basi nabii akihubiri husema "mimi" akimaanisha Mungu? Jibu liko katika desturi za ikulu za wakati ule. Mjumbe wa mfalme alisimama mbele ya watu na kutamka maneno ya bwana wake kwa nafsi ya kwanza, baada ya kutangulia na kauli kwamba mfalme fulani asema hivi. Ndivyo Rabshake, mjumbe wa Senakeribu mfalme wa Ashuru, alivyofanya mbele ya kuta za Yerusalemu mwaka 701 K.K., akianza kwa kusema kwamba mfalme mkuu wa Ashuru asema hivi. Hakuna aliyedhani Rabshake amepandwa na roho ya Senakeribu. Nabii alijielewa kuwa mjumbe wa namna hiyo, na mjumbe mzuri lazima awe na akili zake zote, kwa kuwa kazi yake ni kukumbuka.

Mwaka 1914 mtaalamu wa Kijerumani Gustav Hölscher alitoa kitabu kilichowaeleza manabii wote kwa kipimo cha msisimko wa roho, naye Abraham Heschel, aliyeandika tasnifu yake Berlin na baadaye kuhamia Marekani, aliupinga mtazamo huo kwa nguvu akisema kiini cha unabii ni kushiriki hisia za Mungu kwa watu wake. Nakubaliana na Heschel kuhusu kiini. Lakini nadhani aliuogopa mno mwili. Yeremia anasema mifupa yake yote inatikisika na amekuwa kama mlevi. Katika Isaya 21 mwonaji anashikwa na uchungu kama wa mwanamke anayejifungua. Hayo si mapambo ya ushairi tu.

INAENDELEA: Hanania, Mikaya na vita dhidi ya tamaa ya moyo

Hapa ndipo penye moyo wa uzi huu. Mwaka wa nne wa mfalme Sedekia, yaani karibu na 594 K.K., Hanania mwana wa Azuri kutoka Gibeoni alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili Mungu atavirudisha vyombo vya hekalu vilivyochukuliwa na Nebukadneza, mfalme wa Babeli, pamoja na mfalme Yekonia na wahamishwa wote. Alitumia kauli ile ile ya mjumbe wa Bwana. Yeremia alikuwa amesimama pale na nira ya mti shingoni mwake, ishara ya utumwa wa Babeli. Alijibu nini? Alisema: Amina, Bwana atende hivyo.

Watu wengi hulisoma jibu hilo kama kejeli. Mimi silisomi hivyo, na mwendelezo wa kisa unanipa sababu. Yeremia alilitaka jambo lile kwa moyo wake wote. Alilipenda taifa lake hata akatamani kichwa chake kiwe maji na macho yake chemchemi ya machozi. Akakumbusha tu kwamba manabii wa tangu zamani walitabiri vita na maafa, na kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake linapotimia. Hanania akaitwaa ile nira shingoni mwa Yeremia na kuivunja mbele ya umati. Na Yeremia, asema mwandishi kwa maneno machache, akaenda zake. Hakuwa na jibu. Hakulitunga. Ni baadaye, baada ya tukio, ndipo neno lilipomjia kwamba nira ya mti imevunjwa na badala yake itakuja ya chuma.

Linganisheni wanaume hawa wawili. Kwa macho ya umati, Hanania ndiye aliyefanana na nabii: ana ujasiri, ana ishara, ana neno lenye kuchangamsha. Yeremia aliondoka ameaibishwa. Lakini Yeremia alijua kwamba kulitaka jambo sana si ushahidi kwamba Mungu amelisema, na kwa msingi huo anawashutumu wenzake katika sura ya 23 kwamba wanasema maono ya mioyo yao wenyewe. Hakudai kwamba wote ni matapeli. Mtu anaweza kuota ndoto kweli, kutetemeka kweli, kuamini kweli, na bado akawa anasikia mwangwi wa tamaa yake.

Kisa cha Mikaya mwana wa Imla katika 1 Wafalme 22 kinathibitisha hayo. Manabii kama mia nne wanamwambia Ahabu apande kwenda Ramoth-Gileadi, Sedekia mwana wa Kenaana anajitengenezea pembe za chuma, na mjumbe anayemwita Mikaya anamshauri waziwazi aseme kama wenzake. Watu mia nne wenye kauli moja mbele ya mfalme anayewalisha: hapo shinikizo la kundi linafanya kazi yake bila mtu yeyote kulazimika kudanganya kwa makusudi. Mikaya mwenyewe analieleza jambo hilo kwa lugha ya imani yake, kwamba roho ya uongo imetiwa vinywani mwao. Ahabu alikwenda vitani na hakurudi hai.

Ndiyo maana neno la nabii wa kweli mara nyingi lilikuwa kinyume cha hamu yake. Yeremia analalamika kwamba Mungu amemhadaa naye akahadaika, kwamba akinyamaza neno linakuwa kama moto uliofungwa mifupani mwake. Sidai kwamba kila neno chungu ni la Mungu. Nadai kwamba mtu aliyezoea kuishindanisha hamu yake na neno alilopokea alikuwa na kipimo ambacho Hanania hakukitumia.

MAJIBU: Ezekieli na madaktari

Wadau wawili wameniuliza kuhusu Ezekieli, mmoja akitaja kifafa na mwingine skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili. Ni kweli kwamba maelezo hayo yapo. Mwaka 1946 Edwin Broome alichapisha makala katika jarida la kitaaluma la masomo ya Biblia akidai kwamba Ezekieli alikuwa na skizofrenia, na mwaka 2002 daktari Eric Altschuler akapendekeza kifafa cha sehemu ya ubongo iliyo kando ya kichwa. Ushahidi unaotajwa ni mzito ukiorodheshwa peke yake: anakula gombo la kitabu, anakuwa bubu, analala kwa ubavu wa kushoto siku 390 na wa kulia siku 40, haombolezi mke wake alipokufa ghafla.

Kabla ya kumpima, tukumbuke alikuwa nani. Alikuwa kuhani. Yerusalemu ilichukuliwa mara ya kwanza mwezi wa Machi mwaka 597 K.K., kama mambo ya nyakati ya Wababeli yenyewe yanavyothibitisha, na Ezekieli akapelekwa pamoja na mfalme Yekonia hadi Tel-Abibu, kando ya mfereji wa Kebari. Maono yake ya kwanza ni ya mwaka 593 K.K., katika "mwaka wa thelathini", ambao wengi huuelewa kuwa wa umri wake, yaani umri ambao mwana wa kikuhani angeanza huduma. Hekalu liko mbali sana, na hatalihudumia kamwe. Katika hali hiyo anauona utukufu wa Mungu ukija kwake juu ya magurudumu, katika nchi najisi. Baada ya maono aliketi kati ya wahamishwa siku saba akiwa ameduwaa. Mtu yeyote aliyewahi kuishi na wakimbizi anaijua hali ya kuduwaa namna hiyo, na haiiti skizofrenia.

Zaidi ya hayo, skizofrenia isiyotibiwa kwa kawaida huvuruga mpangilio wa mawazo na uwezo wa kuishi na watu. Kitabu cha Ezekieli ndicho chenye tarehe zilizopangwa vizuri kuliko vitabu vyote vya manabii, kinaishia kwa vipimo vya hekalu vinavyochukua sura nyingi, na wazee wa jamii wanamwendea mara kwa mara kutaka ushauri. Watu walilalamika kwamba anasema kwa mafumbo, na wengine walikuja kumsikiliza kama mwimbaji mwenye sauti nzuri. Hayo ni malalamiko ya hadhira dhidi ya msanii wa maneno. Kuhusu kusikia sauti na kuona yasiyokuwepo, uchunguzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 1894, ulioulizia watu wapatao 17,000, uligundua kwamba takriban mmoja katika kila kumi aliwahi kupata jambo hilo akiwa macho. Kusikia sauti peke yake hakumfanyi mtu mgonjwa. Na mgonjwa wa miaka 2,600 iliyopita, tunayemjua kwa maandishi yaliyopita katika mikono ya wahariri, hawezi kulazwa kwenye kitanda cha daktari.

Kuhusu mke wake siwezi kupita haraka. Anaambiwa kwamba kipenzi cha macho yake ataondolewa kwa pigo moja, anazungumza na watu asubuhi, na jioni mkewe anafariki. Anaamriwa ajifunge kilemba, avae viatu, asile chakula cha matanga. Watu wanamuuliza maana ya hayo, anawajibu kwamba hekalu litaondolewa vivyo hivyo, nao watashindwa hata kulia. Sura ile inaniumiza kila nikiisoma. Lakini majonzi yasiyopata machozi yanajulikana, na Ezekieli aliyageuza kuwa neno kwa watu waliokuwa karibu kufikwa na msiba ule ule.

MAJIBU: utabiri usipotimia

Swali la mwisho lililobaki ni la dada aliyeuliza nini kilitokea ndani ya nabii utabiri wake usipotimia. Saikolojia ya kisasa inasema kwamba watu huwa wanang'ang'ania imani yao zaidi inapokanushwa na matukio, na wapo wasomi waliowasoma manabii kwa nadharia hiyo.

Katika sura ya 26, iliyowekwa tarehe ya mwaka ule Yerusalemu ulipoanguka, Ezekieli anatangaza kwamba Nebukadneza atauteka Tiro, mji uliojengwa kisiwani, atauvunja na kuuteka nyara. Nebukadneza aliuzingira mji huo miaka 13 kwa mujibu wa Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, na mwisho wake yalikuwa mapatano, kisiwa hakikuporwa. Sasa someni sura ya 29, aya ya 17 hadi 20, neno lenye tarehe ya mwisho kabisa katika kitabu kizima, la mwaka 571 K.K. Ezekieli anasema kwamba Nebukadneza alilitumikisha jeshi lake utumishi mkubwa juu ya Tiro, kila kichwa kikapata upara na kila bega likachubuka, lakini hakupata ujira wowote kutoka Tiro, na kwa hiyo atapewa Misri iwe malipo yake. Nabii mwenye umri wa miaka zaidi ya hamsini, ambaye wafuasi wake walikuwa na nakala ya maneno yake ya awali, anakiri hadharani kwamba nyara alizozitabiri hazikupatikana. Hakuyafuta maneno ya kwanza wala hakuyageuza yaonekane yametimia kwa siri. Yote mawili yamo katika kitabu, sura tatu tu zikiyatenganisha.